Wafalme Wawili na Simu ya Mjomba

Iko Ijumaa moja, mwanangu, ambayo haijapata kunitoka kichwani, na kila nikikuona umeinamia simu yako huku goti linakutikisika, hunirudia nzima nzima. Usiifiche chini ya mto. Mimi si askari, na unachokicheza nakijua tangu kabla hujazaliwa. Wewe unadhani michezo ya kwenye kioo imeletwa na kizazi chenu? Hebu kaa. Nikueleze jinsi nilivyokaribia kumkosa Bi Mwanamisi wangu kwa sababu ya wafalme wawili wa karata, na hata karata zenyewe hazikuwapo.

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni. Mimi nilikuwa kijana wa Kidigo mwenye suruali moja ya maana na ulimi mrefu, karani wa mzungu mmoja aliyeitwa Bwana Helmuti. Alikuwa na vijumba vya kupangisha wageni pale Tiwi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza, feni iliyozunguka ikitaka, simu ya mezani, na kompyuta. Kompyuta ile, mwanangu, watu walikuja kuitazama kama wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Wageni walituandikia kutoka Ulaya kwa njia yake, nami ndiye niliyejua kuiwasha na kuizima, basi kifua mbele mpaka shati linakosa vifungo.

Sasa sikiliza jambo moja, maana bila hilo huelewi kisa. Waya ulikuwa mmoja tu. Kompyuta ikitaka kwenda huko mtandaoni ilipitia waya uleule wa simu, baada ya kupiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Na ikiwa huko, simu haiingii. Anayekupigia atasikia tuu, tuu, tuu, vilevile anavyosikia ukiwa unazungumza na mtu mwingine. Basi.

Bwana Helmuti alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze anapostahili, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: poka. Alikuwa akicheza na watu asiowajua, mmoja yuko Amerika, mwingine yuko kwenye baridi huko, wote wamekaa meza moja ndani ya kioo. Akanifundisha. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha katikati ya meza hufunuliwa karata tatu za wote, halafu moja, halafu ya mwisho moja. Kila hatua unaulizwa: unaongeza sarafu, au unazilaza karata zako chini na kuziacha sarafu ulizokwisha kuziweka? Ndio mchezo wote huo. Sarafu zenyewe zilikuwa za bandia, hazinunui hata kiberiti, kwa hiyo nikajitolea fatwa mimi mwenyewe, bila kumsumbua shehe, kwamba si kamari. Mwenye kutaka lake hakosi hoja.

"Bakari," Bwana Helmuti alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "wewe napenda sana karata yako. Hapana penda. Tazama meza."

Nilimwitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Siku alipopanda ndege kwenda kwao mapumzikoni akaniachia ufunguo wa ofisi, nami nikapenda karata zangu vile nilivyotaka.

Tuje kwa Mwanamisi. Alikuwa akishona nguo Msambweni, kwenye baraza ya nyumba ya mjomba wake. Mpole, macho chini, neno lake "haya mjomba", "haya shangazi", "haya dada". Mtu angedhani hana mfupa mwilini. Sisi wawili tulikwisha kusikizana, lakini unajua kwetu: baba ni baba, ila mjomba ndiye mwenye neno. Na mjomba wake, Mzee Mwinyihaji, alikuwa hajapata kunitia machoni. Mshenga wangu, Mzee Suleimani, alikwenda akarudi na jibu la "tutaona". Akaenda tena, akarudi na "tutaona" nyingine. Mshenga akiletewa tutaona mara mbili, mwanangu, ujue kuna mtu kishatangulia.

Na kweli alikuwako. Mfanyabiashara wa Ukunda, ana duka la vifaa vya ujenzi, ana gari, ana kitambi cha heshima. Huyo hakutuma maneno matupu. Alimpelekea Mzee Mwinyihaji mabati ya kuezekea jiko, akasema ni ujirani tu. Ujirani! Kutoka Ukunda mpaka Msambweni! Mzee akayapokea, akayapandisha juu ya jiko, yakawa yanameta jua likipiga mpaka wapita njia wanafumba jicho. Mimi nilikuwa na nini? Ulimi na suruali.

Ndipo Mzee Suleimani akanijia anatweta. "Bakari, mlango umefunguka kidogo. Mjomba ameridhia kukusikia kwa mdomo wako. Ijumaa, baada ya swala, atakupigia simu kutoka dukani Msambweni. Kaa na simu ile kama kuku na mayai. Amesema asipokupata, hana haja ya kukutafuta tena, na mwenye mabati atajibiwa siku hiyohiyo."

Nikaapa. Wallahi nikaapa nitaikalia simu mpaka niote mizizi.

Ijumaa ikafika. Nikaoga, nikaenda msikitini, nikaomba dua ndefu mpaka jirani yangu akaniangalia kwa huruma. Nikarudi ofisini, nikakaa mbele ya simu, nikaitazama, nayo ikanitazama. Kimya. Nikaanza kupiga hesabu za kijinga. Wazee wakitoka msikitini hupeana mikono mmoja mmoja. Wakimaliza huulizana hali za wagonjwa. Kisha pilau. Kisha hujinyoosha. Mzee wa heshima hawezi kupiga simu kabla ya alasiri, nikasema, itakuwa utovu wa adabu. Basi mkono mmoja tu wa poka, wa kupunguza wasiwasi.

Paka akakanyagwa mkia, nikaingia.

Mkono mmoja, mwanangu, haujapata kuzaliwa peke yake. Nilishinda wa kwanza, nikasema naondoka na ushindi. Nikashindwa wa pili, nikasema siwezi kuondoka na aibu. Ukishinda unabaki, ukishindwa unabaki, sasa mlango wa kutokea uko wapi? Kila mara nilikuwa nikiitupia simu jicho na kuiambia, "Huu tu, halafu nakufungulia." Na mchezo wa siku zile ulikuwa wa taratibu, mtu wa Amerika akifikiri, wewe wa Tiwi unaota ndevu.

Mezani tulikuwa na mtu aliyejiita Nyanya Doroti. Mwoga wa kupindukia! Kila akigawiwa karata alizilaza. Wengine wanapandishiana, yeye amelala. Nikawa namcheka peke yangu mle ofisini: nyanya, si urudi jikoni ukakoroge uji.

Ndipo nikasikia mlangoni, "Hodi hapa!"

Siku hiyo nilikuwa namngoja vilevile mzee mmoja wa kuja kuziba makuti ya kijumba kinachovuja. Kwa hiyo sikugeuka. "Karibu mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Mimi nimekuja..."

"Najua, najua. Makuti yako nyuma, karibu na kisima. Lakini keti kwanza, jua hili si la kupandia paa."

Kisha kiti kilicho nyuma yangu kikalia. Sikugeuka, mwanangu! Mgeni ameingia, nami nimempa kisogo! Mama yangu angeniona angetaka ardhi immeze.

Haikutosha. Koo lilikuwa limenikauka, na mtungi ulikuwa kule upande wake. Nikasema, tena kwa sauti tamu, "Mzee, kama hutojali, nimiminie maji kidogo hapo, mkono wangu haubanduki hapa."

Nikasikia pumzi ndefu ya puani. Kisha maji yakimiminwa. Kisha bilauri ikaja, ikatua mkononi mwangu.

"Ahsante mzee, Mungu akuzidishie."

"Amin," akasema, kavu kama muhogo wa juani.

Na hapo hapo, karata zangu mbili zikafunuka: mfalme wa kopa na mfalme wa shupaza. Jozi ya wafalme! Katika poka, jozi inayoipita hiyo mkononi ni moja tu, ree mbili, zile karata za A. Niliruka kitini maji yakanimwagikia suruali ya maana. "Mzee, umekuja na baraka! Tazama!"

"Natazama," akasema. "Ni kitu gani?"

Nikamweleza, mbio mbio, wafalme ni nini, sarafu ni nini, kuongeza na kulaza. Nikaongeza sarafu kwa kishindo. Wote wakalaza, isipokuwa Nyanya Doroti. Yeye akalipa, akabaki.

Karata tatu za meza zikafunuliwa: saba, tatu, na ree ya uru. Ree humpita mfalme. Mwenye ree mkononi sasa ana jozi kubwa kuliko yangu. Nyanya Doroti akaweka sarafu.

"Huyu ndiye nani?" mzee akauliza.

"Nyanya mmoja tu, mzee. Mwoga. Tangu adhuhuri yeye kazi yake kulaza."

"Na sasa?"

"Sasa ameweka."

"Mwoga ameweka," akasema pole pole. "Ameona nini?"

"Anajaribu kunitisha." Nikalipa. Ikafunuliwa ya nne, tisa. Nyanya Doroti akaweka nyingi zaidi.

"Kijana, yule mwoga bado amesimama."

"Mzee, hawa ni wafalme! Wafalme wawili! Mtu anaweza kukaa siku nzima asiwapate."

"Sikukuuliza wako wewe. Nimekuuliza wake."

Nikageuza kichwa nusu, nikamrushia jibu kwa hasira, maana mtu hukasirika zaidi akiambiwa analolijua. "Mzee, nimeshaweka nyingi mno. Nikilaza sasa, zote zile zimepotea bure."

Nilikisikia kiti chake kikilia tena, kama mtu aliyekalia mwiba. Baadaye ndipo nilipojua kwa nini. Wakati ule niliona ni fundi wa makuti anayeingilia mambo ya watu wa kompyuta.

Ikaja ya mwisho, nne, karata isiyomsaidia mtu. Nyanya Doroti akasukuma zote. Zote, mwanangu! Sauti ya Bwana Helmuti ikaniambia tazama meza, Bakari. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kulaza, Mungu ni shahidi. Nikawaza: nilaze wafalme mbele ya fundi huyu, aone? Niseme nimemwogopa nyanya? Nikasukuma zangu zote.

Karata zake zikafunuka. Ree mbili. Na ile ya mezani, tatu. Mwanamke yule alikuwa nazo tangu mwanzo, ametulia tu, ananiachia kamba nijinyongee.

"Umeshindwa na nyanya," mzee akasema nyuma yangu. Hakucheka. Alitoa habari tu.

Nikaikata ile njia ya mtandao kwa kofi la hasira. Na waya ulipofunguka tu, kabla sijavuta pumzi, simu ikalia. Nikaiinua.

"BAKARI!" Alikuwa Mzee Suleimani, mshenga wangu, anapiga kutoka dukani Msambweni. "Uko hai? Simu yako inazungumza na nani tangu watu watoke msikitini? Mjomba amepiga, amepiga tena, anapata tuu tuu tuu! Amesema huyu kijana nimemwambia aningoje, kumbe ana watu wengine wa kuzungumza nao! Amekasirika, amepanda gari anakuja huko huko kwako. Sikiliza vizuri: kanzu nyeupe, kofia ya vito, bakora nyeusi. Akifika mpokee kwa heshima, mwanangu, mpe kiti, mpe maji."

Nikageuka taratibu. Kanzu nyeupe. Kofia ya vito. Bakora nyeusi imelala mapajani. Na mtungi wa maji karibu na mguu wake.

"Bakari? Nimesema mpe maji!"

"Amenipa mimi," nikasema, nikakata simu.

Nisikudanganye, nilitamani ile feni iniangukie. Nilipiga magoti sakafuni, suruali imelowa, nikaanza shikamoo upya kama kwamba ya kwanza haikuhesabiwa. Mzee Mwinyihaji akaninyooshea bakora.

"Inuka. Uko hivyo hivyo nilivyotaka kukukuta."

Sikuelewa.

"Nisikufiche," akasema. "Simu ile ilipolia tuu tuu, wa kwanza kufurahi ni mimi. Nilisema Alhamdulillahi, kijana amejikata kwa kisu chake. Nimeshapokea mabati ya watu, na karibu mji mzima nimeuambia. Nilikuwa natafuta sababu tu, nawe umenipa sababu. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mwanamisi, nimempigia mtu wako, hakupatikana. Unajua alinijibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Aliacha cherehani. Akanitazama usoni, yule mtoto ambaye tangu azaliwe sijayaona macho yake nikimwambia jambo. Akasema, 'Mjomba, ukisema hukumpata, nitasema hukumtafuta.' Basi! Akaendelea kushona. Mimi nikapanda gari kwa hasira, nije nikuone ulivyo mpumbavu, nirudi nimwambie kwa ushahidi. Na mpumbavu nimekuona, tena wa daraja la juu. Ushahidi ninao, mpaka maji nimekumiminia."

Nikasema, kwa sauti iliyotoka kwa shida, "Mjomba, nina makosa. Lakini Mwanamisi nampenda. Usinihukumu kwa Ijumaa moja." Nililia, mwanangu. Mimi huyu unayeniona na ndevu hizi. Nililia mbele ya kompyuta ya watu.

Yeye hakuwa akinitazama. Alikuwa akikitazama kile kioo, ambacho sasa kilikuwa kitupu.

"Nilipokuuliza karata za yule mwoga," akasema, "ulinijibu nini?"

"Nilisema nimeshaweka nyingi."

"Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia garini njia nzima. Nimeshaweka nyingi. Nimeshapokea, nimeshasema, watu wameshajua. Tajiri ninaye, na neno langu ninalo. Wafalme wawili." Akashusha pumzi. "Na mtoto aliyelaza siku zote, haya mjomba, haya mjomba, leo amesimama. Nikakucheka wewe kumbe nimekaa mimi kwenye kiti chako."

Nikasikia mzee wa makuti, yule wa kweli, anapiga hodi upande wa kisimani. Hakuna aliyemjibu.

"Nikikaza nitamshinda," Mzee Mwinyihaji akasema. "Mimi ni mjomba wake, sishindwi na msichana. Lakini nikimshinda mtoto wa dada yangu, nitakuwa nimeshinda nini?" Akainuka. "Mabati nitayarudisha. Usitabasamu! Wewe hujashinda chochote. Mtu amenifanya mtumishi wa maji, kisha atabasamu? Jiko langu litabaki uchi, na utaliezeka wewe, kwa makuti yako, kwa mikono yako. Na posa utaileta mwenyewe, umsimamishe mshenga wako pembeni, uwaeleze akina shangazi kwa kinywa chako ulikuwa ukizungumza na nani tangu watu watoke msikitini."

Mwanangu, hebu jaribu kuwaeleza wanawake wa Msambweni kwamba ulikuwa hewani na mtu anayeitwa Doroti, ambaye hujapata kumwona, lakini hapana jambo. Nilieleza kompyuta, wakasema alaa. Nilieleza waya, wakasema alaa. "Na huyo Doroti ana mume?" shangazi mmoja akauliza. Nikasema sijui. "Hajui!" wakapiga vigelegele vya kejeli. Mpaka leo nikipita ile mitaa, wakongwe waliobaki huniuliza Doroti hajambo.

Lakini nataka ukae na siku moja, mwanangu, siku ya kuyashusha mabati. Mzee Mwinyihaji angeweza kuyashusha alfajiri, watu wamelala. Hakufanya hivyo. Alisema aliyapandisha mchana, atayashusha mchana. Mwenye duka alikuja na gari lake akasimama njiani, amefunga mikono. Majirani wakatoka na viti kabisa. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, kulikoni, mkwe amekimbia?" Mimi niko juu ya paa nang'oa misumari na kuyashusha, yeye yuko chini anayapokea, anayafuta vumbi kwa shuka, anayapanga garini moja moja. Lilipokwisha la mwisho akamwendea yule bwana, akampa mkono, akamwambia mbele ya wote, "Nilikosea mimi kupokea. Wewe hukukosea kutoa. Nisamehe." Wale wa viti wakarudisha viti vyao ndani bila neno. Nilikaa juu ya mbao zile nikitazama, nikajua kwamba mimi, kwa sarafu zisizonunua kiberiti, nilishindwa kufanya alichokifanya mzee huyu kwa heshima yake yote.

Makuti yangu yalivuja. Sikuficha, mimi si fundi. Kila masika sufuria ziliwekwa chini ya matone, na yeye alikuwa akisogeza kiti chake kutoka pembe hii kwenda ile mvua ilivyomfuata. Aliishi miaka mingi baadaye, akawaona watoto wetu wote, akaondoka katika dunia hii bila kunitajia mabati hata siku moja. Nami, niliponunua mabati yangu mwenyewe na kumpelekea, alinicheka. "Acha," akasema. "Nimezoea kuona nyota nikinywa uji."

Sasa nikwambie maneno ya mzee, uyachukue au uyaache, lakini usiseme hukuambiwa.

Karata mbovu, mwanangu, kila mjinga anajua kuzitupa. Mtihani uko kwenye nzuri. Utapewa kitu kizuri kweli, kazi, rafiki, mpango, neno ulilolitoa mbele za watu, na kitakuwa kizuri kweli ulipokipokea. Kisha meza itabadilika. Itafunuka ree, nawe utabaki unavitazama vya mkononi mwako, unavisifu, unasema hivi ni vizuri, hivi ni vizuri. Vilikuwa vizuri. Tazama meza.

Mtu mkali akisimama, ndiyo kazi yake, huenda anakutisha tu. Mpole akisimama, wewe kaa chini ujiulize ameona nini.

Na uliyokwisha kuyaweka si yako tena. Yalilie ukitaka, lakini usiyafuate, maana heri nusu shari kuliko shari kamili. Hakuna mtu aliyeangamia kwa alichokipoteza mwanzo. Wameangamia kwa kwenda kukikomboa. Tena nikwambie siri: kinachotuzuia kulaza mara nyingi si hasara yenyewe. Ni yule anayetazama. Mimi nilimwonea haya fundi wa makuti, mtu nisiyemjua, ambaye hata hakuwa fundi. Mzee Mwinyihaji alitazamwa na mji mzima na bado akalaza. Aibu ya kulaza hukaa siku chache, kisha watu wana ya kwao ya kufanya.

Mungu akukinge na kamari ya bandia na ya kweli. Akupe mazuri, kisha akupe na moyo wa kuyaachilia saa yake ikifika. Akupe mtu mpole wa kusimama kwa ajili yako hata siku ambayo wewe umemgeuzia kisogo, na akupe macho ya kumwona kabla hajachoka kusimama. Amin, mwanangu. Amin.